Pengo Kando ya Mlango

Mafiga, Morogoro
14 Juni 1998

Kaka yangu Wilfred,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa kikohozi nilichoshuka nacho kutoka kwetu juu mlimani, ambacho kimekataa kabisa kuzoea joto la mjini. Natumaini karatasi hii itakukuta salama huko Kahama, na kwamba mashimo unayoingia kila asubuhi bado yanakurudisha jioni ukiwa na viungo vyako vyote. Habari za kazi? Habari za kifua? Padri aliyetuletea ujumbe wako alisema umekonda na unakohoa usiku, nikajisemea basi angalau kikohozi tunacho pamoja.

Barua yako ilifika kabla ya Pasaka. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Uliwasalimia watu wote, ukamuulizia hadi yule mbuzi wa mama mwenye pembe moja, na mwisho kabisa, kama mtu anayeuliza bei akiwa ameshageuka kuondoka, ukauliza swali moja: je, mama aliniachia neno? Kwa kweli swali hilo ndilo barua yako yote, hayo mengine ulikuwa unapiga hodi tu. Nitakujibu. Ila nivumilie nizunguke kidogo, maana nikikujibu hapa mwanzoni utaikunja karatasi na hutaujua mwendo nilioupitia mpaka nikafika kwenye jibu hilo.

Mji wako upo. Kiwanda chenu bado kimefungwa. Geti limeota kutu, na mlinzi aliyebakizwa amepanda mahindi pale mlipokuwa mnasimama kungoja zamu. Wanasema kimeshauzwa, wengine wanasema bado, na kila wiki anatajwa mnunuzi mpya. Wenzako mliopunguzwa pamoja wametawanyika. Castory anauza mitumba pale Msamvu, anaita wateja kwa sauti ileile aliyokuwa akiimbia kwaya. Aliponiona aliuliza habari zako, kisha akasema tangu mambo yawe ruksa kila mtu ameruhusiwa kufa kivyake. Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Mimi nilirudi kutoka Italia mwaka jana mwezi wa saba, nikiwa na cheti na sanduku la karatasi za plastiki nilizonakilia michoro ya kuta. Ofisi iliyonipeleka ikaniambia ajira zimesitishwa, nisubiri. Nimesubiri hapa Mafiga katika chumba cha kupanga, nikifundisha masomo ya jioni watoto wa jirani ili nile, na usiku nikizipanga zile karatasi sakafuni nimalizie andiko langu. Mwenye nyumba alipochungulia mara ya kwanza alidhani nashona.

Wewe uliondoka kabla sijapata nafasi ile, kwa hiyo huenda hujui nilikwenda kusomea nini. Kijijini walipouliza niliwaeleza vizuri, na mjomba Bartholomeo akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kumbe mtoto wetu amevuka bahari kwenda kujifunza kuunga vigae vilivyovunjika. Watu walicheka sana. Nami nilicheka, maana hakuwa amekosea sana.

Huko Italia kulikuwa na nyumba ya tajiri mmoja wa Kirumi, ufukweni kabisa, mawimbi yanafika karibu na ngazi. Kuta zake zote zilichorwa: bustani, ndege, vikapu vya matunda, hata madirisha ya uongo yanayotazama bahari ya uongo, na bahari yenyewe iko nyuma ya ukuta uleule. Karibu miaka elfu mbili iliyopita mlima wa moto ulio juu yake ulishuka ukaifunika. Walioifukua walikuta michoro imepasuka vipande vipande, vingine vikubwa kama sinia, vingine vidogo kama ukucha, wakavipanga kwenye kreti ndani ya ghala. Sisi wanafunzi tulikuwa tunakaa na kreti hizo mchana kutwa, tukitafuta kipande gani kilikuwa jirani ya kipi.

Watu hudhani unatazama picha. Picha hudanganya, kaka. Nyekundu ya mlangoni na nyekundu ya jikoni zote ni nyekundu. Unakilaza kipande kifudifudi kwenye trei la mchanga na kusoma mgongo wake. Unaangalia unene wa lipu, alama za matete ambayo fundi aliyafunga nyuma ya lipu, na namna ukingo huu unavyoukubali ukingo ule. Siku nilipoona alama za matete kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu ghalani, maana niliona nyumba yetu: fito, kamba, udongo. Tajiri wa Kirumi na mama yetu walijengewa kwa namna moja, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na watumwa na mama alikuwa na sisi.

Mwalimu wangu aliitwa Ornella, mama wa makamo, mkali, mwenye vidole vilivyopauka kwa chokaa. Alitupa sheria moja tu, na aliirudia mpaka nikaiota. Kipande kisichokubaliana na jirani zake hakiungwi, hata kikipendeza namna gani. Na mahali ambapo kipande hakikupatikana panapakwa lipu tupu isiyo na rangi, panaachwa hivyo. Mtu asikamilishe kwa kubahatisha, akawafanya wanaokuja nyuma waamini kitu ambacho hakikuwapo.

Mwaka wangu wa mwisho alinipa kazi ambayo sijawahi kukusimulia, wala mtu yeyote isipokuwa mama. Kwenye ukuta mmoja wa nyumba ile kulikuwa na mwanamke amesimama kizingitini, anaangalia nje. Mwili wake na mkono ulioshika pazia vilikuwa vya Kirumi kweli. Uso haukuwa. Zamani, kabla babu zetu hawajamwona padri wa kwanza, mafundi wa huko walikuta mahali pa uso pako wazi, wakaona vibaya, wakamchorea uso. Uso mzuri mno, mpole, wenye huzuni kidogo. Ornella alisema utolewe, na akasema niutoe mimi kwa kuwa mkono wangu hautetemeki.

Palikuwa na mzee mlinzi aitwaye Gennaro, mjane, ambaye kila asubuhi akifungua chumba kile alivua kofia na kumsalimia mwanamke yule. Nilipoanza kuukwangua uso kwa kisu kidogo kama cha daktari, alisimama nyuma yangu, kofia mkononi. Nilianza na kidevu, nikaishia na macho, sijui kwa nini niliacha macho mwisho. Nilipomaliza palibaki lipu tupu yenye umbo la kichwa. Tangu siku hiyo Gennaro alihamisha kiti chake chumba kingine, na mimi hakunisalimia tena mpaka nilipoondoka. Ornella alisema tumefanya haki. Ninaamini ni haki. Lakini sikuwahi kuona haki iliyomwacha mzee wa watu mpweke namna ile, na nilirudi nyumbani nikiwa na swali hilo.

Nilipopanda juu kumwona mama, mwezi ule wa nane, nilimsimulia. Alikuwa anapepeta maharage nje, kando ya mlango. Unajua alivyokuwa, kazi haisimami kwa ajili ya hadithi. Nilimweleza habari za uso na za mzee Gennaro, nikamuuliza kama yeye angeuacha. Alipepeta kwanza, akapuliza makapi, ndipo akajibu.

"Afadhali pengo," alisema. "Pengo likikuuma unajua linauma wapi."

Akaendelea na maharage yake. Nilidhani tunazungumza habari za Warumi.

Sasa nikueleze ya mvua. Redioni waliziita Elnino, lakini kwetu juu watu waliziita mvua tu, kwa kuwa zilikuja kama mvua zote halafu zikasahau kuondoka. Zilianza kabla ya Krismasi. Barabara ikakatika pale juu ya Mlali, magari ya kabichi yakawa yanarudi Mzumbe matupu, na mimi nikabaki huku Mafiga nikisikiliza bati. Mwezi wa kwanza ardhi ikaanza kupasuka kule juu. Mwenyekiti wa kijiji akapita nyumba hadi nyumba kuwataka watu wahamie shule ya misheni, na karibu wote wakahama, na kuku wao. Asubuhi iliyofuata, watu wakinywa uji shuleni, wakasikia mlima unashuka.

Kaka, najua unachotaka kuuliza hapa na unaogopa kuuliza. Ndiyo. Ulishukia pale juu ya nyumba, palipokuwa na ile miti ya ukoo uliyowauzia wapasua mbao. Ulishuka pia kwenye shamba la jirani yetu Tomasi, ambalo halijawahi kuwa na miti tangu tulipozaliwa, na ukashuka ng'ambo ya mto kwenye msitu mzima ukaung'oa na mizizi yake. Nimekwenda kutazama sehemu zote tatu kwa macho yangu. Kwamba ile miti ingeuzuia, siwezi kusema. Kwamba isingeuzuia, siwezi kusema vilevile. Hapo nakuachia lipu tupu, na ninajua si zawadi.

Mama alitolewa chini ya udongo siku ileile kabla ya jua kuzama. Alizikwa misheni, juu, karibu na bibi. Mimi nilifika kwa miguu kutoka Mlali, matope hadi magotini, nikamkuta ameshasitiriwa. Watani walifanya kazi yao. Mmoja wao alijifunga kanga ya mama akawa anawafokea watu kwa sauti yake kwamba wanamkanyagia mchicha, na watu wakacheka huku wanalia. Mimi sikuweza kucheka wala kulia. Nilikaa tu nikimtazama mtu yule na kanga ile.

Barua yako ilipofika, mjomba Bartholomeo alituita: mimi, dada Grace, na wazee wawili wa ukoo. Nikaisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye swali lako wote walitazama chini, maana kila aliyekuwa pale alikuwapo siku ulipoondoka, au alisimuliwa. Mama alisimama mlangoni, miti imeshalala chini, akakwambia usiikanyage nyumba hii mpaka mdomo huu uliokutoa ukuingize. Na wewe unajua kama mimi ninavyojua, neno kama hilo la mama, kwetu, halifutwi na padri wala halifutwi na miaka. Linafutwa na yule aliyelisema, mlangoni palepale, mtoto akiwa amebisha hodi, akimpulizia maji ya kinywani mwake. Ndiyo maana uliuliza. Hukuuliza kama alikutaja. Uliuliza kama umefunguliwa.

Walijadiliana kwa upole. Mjomba alisema mtu aliye machimboni, peke yake, shimo liko mbele yake kila siku, si mtu wa kupelekewa habari nzito. Grace alisema tukuandikie kwamba mama kabla ya kufa alisema, mwambieni Wilfred nimemsamehe, arudi kwa amani. Wazee wakakubali. Mmoja akaongeza kwamba mama alitabasamu alipolisema, na mjomba akamwambia asizidishe. Mimi ndiye niliyepewa kuliandika, kwa kuwa mimi ndiye msomi, tena wa kuunga vigae. Nikasema sawa. Nilishuka Mafiga nikiwa na sentensi ile kichwani. Niliichukua karatasi mara nyingi, kaka, na kila nilipoandika jina lako nilikiona kile kidevu cha mwanamke wa ukutani.

Basi nikarudi juu. Nilikuwa na udhuru, kwamba nakwenda kusaidia kusafisha kiwanja. Nyuma ya nyumba kumefunikwa kabisa, kuna kilima sasa, na tayari magugu yameota. Lakini ukuta wa mbele haukufunikwa. Ulisukumwa ukaanguka nje, kifudifudi, ukapasukia uwanjani, na kabla mvua hazijaumaliza, bati la paa lilikuwa limeulalia sehemu ya kando ya mlango. Nilipoliinua bati nikaona migongo ya vipande: fito, kamba, na vidole. Vidole vya mama, kaka, vinne vinne, vilivyobonyeza udongo kwenye fito. Na chini, mahali ambapo mtoto anafikia, vidole vidogo. Vingine vyangu na vingine vyako, siku ile tulipokandika tukapigana matope mpaka mama akatukimbiza.

Sikuweza kuondoka. Niliomba mbao kwa Tomasi, nikatengeneza matrei, nikayajaza mchanga wa mtoni, nikaanza. Watu walipita wakaniona nimepiga magoti nikigeuza udongo ambao mtu mwingine angeurudisha shambani. Wakamwambia Grace msiba umenipanda kichwani. Mjomba akaja, akachuchumaa, akatazama sana, akauliza natafuta nini. Nikamwambia sijui. Hilo lilikuwa kweli.

Wewe unakijua kilichokuwa kando ya mlango, upande wa kulia. Ulikuwa darasa la pili au la tatu ulipochora kwa mkaa lile Bedford la misheni, na dereva wake mwenye kofia, na moshi. Ulichapwa kwa ajili ya lori lile. Mama alikuwa anapaka ukuta udongo mweupe kila Desemba, na nilidhani alikwishalifunika siku nyingi; hata mwezi ule wa nane kuni zilikuwa zimepangwa pale, sikuliona. Kumbe hakulifunika. Nilipougeuza upande wa mbele, kipande kwa kipande, lilitoka lori: kofia ya dereva, kioo, gurudumu la mbele. Mkaa umefifia lakini upo, na weupe unaishia pembeni mwake kwa ukingo mwembamba, jinsi mtu anavyopaka kwa kidole ili asiguse.

Utasema hiyo ni ya zamani, kabla hatujakosana. Hata mimi nilisema hivyo. Ndivyo nilivyofundishwa kujipinga. Lakini juu ya weupe kulikuwa na bluu. Ile rangi ya unga ya dukani, unayoikoroga na maji, hukuiona kwetu wewe, maana haikuwapo. Ilianza kuletwa na wafanyabiashara wa mjini baada ya wewe kuondoka, na mama aliinunua alipouza njegere zake, akaringa nayo kijiji kizima. Aliipaka Desemba ya mwisho, mvua zikiwa zimeshaanza. Na bluu nayo imelizunguka lori. Haikuligusa. Kwenye moshi wa lori, pale penye mistari myembamba, imeingia katikati ya mstari na mstari, kwa subira ambayo sikuwahi kujua mama anayo.

Tangu ulipoondoka hakuwahi kulitaja jina lako mbele yangu. Alisema "yule". Akisikia mtu anakusifu alitema mate. Nilipomwambia mwezi wa nane kwamba nimesikia uko Kahama aliuliza kama huko kuna miti. Sikufichi: alikuwa na hasira nawe mpaka mwisho, na hasira ile haikuwa ya mchezo.

Nilipomaliza kuliunga lori nilikwenda kwa Pili, jirani yetu wa bondeni, kumrudishia ungo. Nilimsimulia tu, kama habari, kwamba mama alikuwa anapaka rangi kulizunguka lori la Wilfred bila kuligusa. Pili akaweka ungo chini, akaanza kulia. Akasema mjomba alimkataza kulisema hili. Kaka, hili ndilo tulilofichwa, mimi na wewe, na ndilo jibu lako.

Jioni ile ya kuhama, Pili ndiye aliyerudi kumchukua mama. Watu wote walikuwa wameshafika shule. Alimkuta amekaa ndani, mlango wazi, ameshakula. Akamsihi, akamvuta mkono. Mama akamwambia aende zake, watoto wake wanalia. Pili akamuuliza anangoja nini katika nyumba inayopasuka. Alimjibu kwa Kiluguru, nami nakuandikia kwa Kiswahili, ila jina alilisema kama lilivyo.

"Wilfred akija akabisha hodi, nani atamwitikia? Mdomo ni huu tu."

Pili alidhani atashuka asubuhi. Aliondoka. Mjomba anamlaumu Pili, Pili anajilaumu mwenyewe, na mjomba usiku halali kwa kuwa yeye ni mwanaume na hakwenda. Hilo ndilo linalofunikwa na ile sentensi tamu, haikulindi wewe peke yako.

Basi nimepima. Ningeweza kukupa uso mzuri, mpole, wenye huzuni kidogo, nawe ungeuvulia kofia kila asubuhi maisha yako yote. Nami ningekuwa nakutazama ukiusalimia. Mjomba anaogopa ukilisikia hili utajitupa shimoni. Mimi pia naogopa, nimeogopa kila neno la ukurasa huu, na kama nimekosea sitajisamehe. Lakini mama alikwishaniambia analotaka, akipepeta maharage, na sikumwelewa.

Kaka, mama hakukusamehe. Alikungoja.

Sina zaidi ya hapo. Sina kipande kinachosema angelitamka lile neno siku ungebisha, na sina kinachosema asingelitamka. Nilichonacho ni hasira yake, na bluu yake, na mlango uliokuwa wazi. Vimekubaliana kingo, nimeviunga, na katikati pamebaki pengo.

Matanga hayajafungwa. Nimemwambia mjomba asiyafunge. Nilimweleza kwamba nitakuandikia yote, akakasirika, akaondoka, kesho yake akaja mwenyewe kunitafuta. Anasema wewe ni mtoto wa dada yake, na dada akiondoka mdomo wa ukoo ni yeye, kwa hiyo ukija atasimama pale mlango ulipokuwa, na maji kinywani, akuitikie. Nilimuuliza kama itafaa. Akasema hajui. Hajawahi kuona hodi inabishwa mahali pasipo na nyumba. Ila akasema nikuambie atasimama.

Kwa hiyo usitume fedha ya sanda wala ya misa, tulikwishamaliza. Njoo wewe. Barabara ya Mlali imetengenezwa, magari ya kabichi yanapita. Shuka Msamvu, uliza Castory, atakuleta hapa kwangu, tutapanda pamoja. Ukiwa na nafsi nzito njiani, usishuke kwenye gari. Kaa tu mpaka lifike.

Mjomba anakusalimu, anasema kifua kinywee tangawizi. Grace anakusalimu na watoto wake, ambao hujawaona. Pili anakusalimu na anaomba radhi. Mbuzi mwenye pembe moja ni mzima, alikuwa amefungwa kwa Tomasi. Padri naye amepewa salamu zako na amezipokea. Kwa hapa ninaiweka kalamu chini, si kwa kuwa yamekwisha.

Lori nimelishusha na trei lake, liko hapa chumbani kando ya kitanda. Gurudumu la nyuma halikupatikana. Nilichekecha ule udongo wote na halimo. Mwenye nyumba ameliona, akaniambia si nichukue tu mkaa nilimalizie, kazi ya dakika moja. Nimepaacha. Lile lori si langu.

Ni mimi mdogo wako,
Josephina